Chai ya Chumba cha Mwisho

Rafiki yangu Kemunto, wa Kisii, siku hizi halali tena nyumbani kwa mtu. Likizo moja alivuka mpaka wa Tanzania pale Sirari akielekea Serengeti, akafika Tarime jioni akiwa bado hajaamua: alale hoteli ya barabarani yenye jenereta, au kwa Mama Wegesa, mjane anayepangisha wageni vyumba na kuwapikia chai asubuhi. Akaenda kwa mama, maana alishachoka kula peke yake mahotelini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nafuata maziwa kwa jirani. Mtu akipiga hodi, wewe nyamaza tu."

Mama hajafika mbali, umeme ukakatika. Giza likajaa sebuleni. Kisha ikaja hodi mlangoni, ya upole, sauti ya mzee aliyechoka. Kwao Kemunto mzee haachwi nje, na mdomo ukatangulia akili.

"Karibu," akasema.

Mlango haukufunguka. Lakini nyayo zilipita mbele yake zikiburuta, zikaingia chumba cha mwisho, kile alichokiona kimefungwa kwa kufuli alipofika. Kitanda kikalia humo ndani.

Mama Wegesa aliporudi aliwasha mshumaa, akalitazama lile kufuli.

"Umemkaribisha," akasema, bila ukali.

Asubuhi alimimina chai vikombe vitatu. Cha tatu alikiweka sakafuni mbele ya chumba kile, akarudi kukaa. Wakanywa. Kemunto alipogeuka, kikombe hakikuwepo, na kufuli lilikuwa bado limefungwa. Nyuma ya mlango, mtu alikuwa akipuliza chai ipoe.