Jina Chini ya Meza

Siku ya mbili, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano, njo siku kila kintu iliharibika kati ya Kunda na Syntiche.

Kunda alikuwa soudeur, fundi wa kuchomea vyuma, wa mutaa wa Kampemba, mwanaume wa kufiwa na bibi yake wa ndoa, masomo kiloko tu, mikono yenye alama za moto. Syntiche alikuwa anachapa macarte ya visite, vile vikaratasi vya jina na kazi ya muntu, pembeni ya soko. Balikutana pale, mu makelele ya wauza samaki, Kunda alipokuja kuchapisha zake juu ya mukutano ya bakubwa ba mine, benye migodi, kule hoteli Karavia. Alikuwa anatafuta contrat ya kazi kwabo.

"Usitupe carte sawa karanga," Syntiche alimufundisha. "Mikono mbili. Jina imuangalie yeye. Na wewe ukipokea, soma, geuza nyuma, kisha weka mufuko ya kifua."

"Na kama yeye hasome?"

"Basi yeye njo mukubwa."

Balicheka sana. Toka pale, simu kila magaribi.

"Allô, Monsieur le Directeur Général!"

"Directeur ya mashini moja, chérie."

Siku ile ya mukutano, Syntiche alikuwa mu protocole, kazi ya kupokea bageni, liputa ya buluu kiunoni, viatu virefu. Bakubwa nabo balijaa, matumbo mbele, bale bale banakula mulima na kutuachia vumbi. Kunda, mu costume ya ndoa yake ya zamani, alipatia directeur mumoja carte, mikono mbili, kichwa chini.

Directeur hakusoma. Meza yake ilikuwa inacheza. Alikunja carte mara mbili, akaisukuma chini ya muguu ya meza.

"Voilà! Sasa inasimama."

Hoteli ya bei vile, na meza yenye hata fundi mulevi angeona haya kuuza!

Syntiche alicheka. Alicheka na directeur, akainama kwa sikio yake, akapokea carte ya directeur mwenyewe, akaitia mu blouse.

Kunda alitoka. Syntiche alimukimbilia mpaka ku mulango, akamutia ile carte mu mukono. "Kamata, Kunda, hii iko…"

Kunda aliipasua bila kuangalia. "Bakia na mukubwa wako!"

Juma nzima hakupokea simu. Mwisho Syntiche mwenyewe alifika ku atelier, mahali Kunda anachomea vyuma.

"Ile carte, uliisoma?"

"Nisome nini?"

"Nyuma directeur aliandika: mupokee huyu soudeur. Mi njo nilimuomba. Mu hii muji, bila neno ya mukubwa nyuma ya carte, hata mulinzi hakufungulie."

"Shi ulicheka!"

"Nilicheka na meno tu, papa. Nilikufundisha kusoma na kugeuza. Wewe umefanya tu sawa yeye."

Kunda alizima mashini yake. Contrat ya muntu kutegemea wino ya muntu asiyesoma!

Syntiche alitoa mu sakoshi carte ya Kunda mwenyewe, ya kukunjwa, chafu. "Niliitoa chini ya meza directeur akiwa anakula. Meza ikacheza, supu yote mu suruali yake!"

Kicheko ilibatoka bote mbili. Kunda alinawa mikono, akakamata carte, akainyoosha, akamupatia kwa mikono mbili, jina imuangalie yeye. Syntiche aliipokea vilevile. Akasoma. Akageuza.

"Contrat imekufa," Kunda alisema. "Imebaki jina tu. Syntiche, jina yenye balitia chini ya meza, wewe utaibeba, kama bibi yangu?"