Karata Iliyomtokea Despina

Haya yalimpata rafiki yangu Despina, hapa hapa Volos, Ugiriki. Alikuwa amempelekea jirani yake, Bi Evanthia, malimao, na kwa kuwa bibi huyo hupiga ramli ya karata, akamwomba amtazamie mapenzi. Mumewe, Stamatis, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na sasa mwoka mikate mmoja alitaka kumwoa.

Karata ya Wapenzi ikatoka kichwa chini. Bi Evanthia akaguna.

"Huyu ni Eko, mwanangu, yule binti wa hadithi za kale. Alipenda hadi mwili ukamwisha, ikabaki sauti tu, inarudia maneno ya mwisho ya wenzake."

"Ah, Bi Evanthia! Nakuuliza habari za bwana harusi, wewe waniletea hadithi za darasani?"

"Mimi nasoma kilichotoka."

Despina alifika kwake jioni, umeme umekatika. Akiwa anapapasa kiberiti, akasikia mtu akihema chumbani, kwa ile pumzi nzito ya Stamatis. Badala ya kukimbia, akaanza kulia.

"Stamatis," akauliza gizani, "unanipenda bado?"

Kisha kutoka kitandani, upande wa ukutani, sauti ya mumewe ikajibu polepole:

"Bado."