Jibu Alilolifuta Kanini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Kanini alimkatia ng'ombe nyasi, akapeleka maziwa barabarani yalikokusanywa, kisha akanawa miguu na kuvaa sare. Jumatano hiyo alifanya yote kimya.

"Kanini, mbona umenuna? Unaumwa?" mama yake aliuliza.

"Hapana, mama. Niko sawa."

Hakuwa sawa. Siku iliyotangulia, Mwalimu Wambeti, aliyewafunza Kiswahili Gredi ya Sita katika shule yao ya Kanja, aliwapa hadithi fupi. Ilimhusu baba aliyekosa kufika shuleni siku binti yake, Sera, alipotuzwa. Swali lilikuwa moja: "Baba huyu ni mtu wa aina gani?" Kanini aliandika jibu lake. Kisha akachungulia kwa Muthomi, aliyeongoza darasa kila muhula, akaona ameandika kwamba baba hana upendo. Akalifuta lake kwa raba na kunakili la Muthomi neno kwa neno.

Jumatano hiyo Mwalimu aliingia darasani na karatasi mbili mkononi.

"Muthomi na Kanini, simameni. Hata kosa la tahajia ni lilelile. Nani alimwangalia mwenzake?"

Kanini alisimama. "Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe. Nilikuwa na jibu langu, nikaogopa kukosea."

"Lilisemaje?"

"Kwamba baba anampenda Sera, ila aliona aibu kwenda."

Wanafunzi wakacheka. "Hadithi haijasema hivyo!" Muthomi alisema.

"Fungua hadithi, Kanini," Mwalimu alisema kwa upole. "Tuonyeshe umejuaje."

Kanini alitafuta mstari. Akasoma, "'Alfajiri baba alivipiga rangi viatu vya Sera mpaka vikang'aa.' Kama hampendi, angejisumbua hivyo? Na hapa chini: 'Mgeni alipoingia, baba aliificha miguu yake chini ya kiti.' Nafikiri viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimeraruka."

Muthomi alirudia kusoma ukurasa ule, midomo ikicheza.

"Mwalimu, hiyo ya kiti niliipita tu," alisema. "Kanini amesema kweli."

Kanini alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa kana kwamba ametuliwa mzigo wa kuni mgongoni.

"Kunakili ni kosa," Mwalimu Wambeti alisema, "na wakati wa mapumziko utaliandika jibu lako upya. Lakini sikieni nyote. Mwandishi hatuambii kila kitu. Hutuonyesha mtu anavyotenda na anavyosema, kisha hutuachia kazi ya kufikiri. Ukiwa na ushahidi kutoka kwenye hadithi, usiogope kusema peke yako. Jibu la kuiba, ukiulizwa umelijuaje, utabaki mdomo wazi."

Wakati wa mapumziko Kanini aliandika haraka, akitabasamu. Muthomi akaja kuketi kando yake na hadithi mkononi.

"Na mama yake Sera," aliuliza, "wewe unamwonaje?"