Kaburi Lililofuata Barabara

Mwezi wa tatu 1987, vita vilipopoa, Mariat alirudi kijijini kwake Budondo kutoka Mbale alikokimbilia, akakuta kaburi katikati ya mihogo yake. Mawe yamepangwa, msalaba hakuna, na aliyekufa hajulikani.

Budondo kaburi ni hati: mwenye marehemu ndiye mwenye ardhi. Na mji wa Jinja ulikuwa umeshaanza kuinyemelea ardhi hiyo, ukipima mihogo ya wenyewe kana kwamba imeota barabarani.

Mariat akaita polisi. Sajini Santa Akeyo alifika saa nne, akamkuta dalali wa viwanja, Eriya, kishatangulia kutoa pole. Kwa maelezo ya Eriya, humo kazikwa Mwislamu. Nasuru, shemeji ya Mariat upande wa mumewe, alimzika humo ndugu wa ukoo wao wakati wa vita, na kesho atalidai shamba. Mama auze leo, hata kwa hasara.

Nasuru, muuza samaki wa kijiji cha Wanyange, akaitwa. Kweli hawakuwa wakisalimiana na Mariat, na watu walimtazama kama mwizi wa kuku.

"Ndugu niliyemzika anaitwa nani, afande?" akauliza.

Santa aliwaacha wamngoje. Alitembea mpaka makaburi ya msikitini. Yote yalilala kukatiza barabara iendayo kaskazini, upande wa Maka. La shambani kwa Mariat lilifuata barabara hiyohiyo.

Aliporudi alimpa Eriya fimbo, aoneshe Mwislamu anavyolazwa. Eriya akailaza kuelekea kaskazini. "Kichwa Maka," akasema kwa fahari.

Nasuru akaichukua, akailaza kukatiza barabara. "Uso ndio unaoelekea kibla, bwana. Maiti si mshale."

Santa akaamuru pafukuliwe. Chini ya mawe, kupita kina cha kilimo, palikuwa na udongo mgumu usiowahi kuchimbwa.

Eriya akafuta jasho. "Mji unakuja, afande. Nisipouza mimi, atauza mwingine. Nilitaka mama aogope tu, aniuzie."

"Vita vilichukua mume wangu, sijui hata alipoangukia," Mariat akasema. "Yeye sina hata mwili wa kuzika. Wewe unanizikia mtu ambaye hakuzaliwa?"

Santa akatoa pingu. Mariat akamwomba angoje kidogo. Alimpa Eriya jembe afukie shimo, halafu akamkatia vipande vya mti wa muhogo, akamsimamia mpaka alipopanda cha mwisho.

"Shindilia vizuri, bwana," akamwambia. "Nikivuna nitakuletea gerezani, uonje kiwanja chako."