Aliyeitikia Chini ya Cherehani

Hebu niambie, wewe uliyeegemea ukuta hapo: ukipiga mguu sakafuni, huwa unasubiri kujibiwa?

Digrii hakusubiri. Ndilo jina walilompa mtaani, na usidhani ni la heshima. Miaka minne alisomea miamba na matetemeko, miaka mitano akasoma barua za "we regret to inform you". Alikuwa anakaa kwa mama yake, mshonaji, vyumba viwili vya chini kabisa kwenye ghorofa. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kumlipa aipime dunia, akaamua kuipima bure. Kwenye kona ya chumba cha kushonea akaunda kipima mitetemo chake: sumaku ya spika mbovu, springi ya kitanda, waya mwembamba, na kompyuta yenye kioo kilichofungwa kwa gundi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuutambua kila mstari uliojichora. Huu mnene, lori. Huu wenye vipele, nyundo ya mchomeleaji wa jirani. Huu unaochechemea siku nzima, mguu wa mama kwenye cherehani, maana goti lake la kushoto lina baridi yabisi. Yote aliyaandika daftarini. Na kila siku, saa sita kamili mchana, alipiga mguu chini mara tatu, kuhakikisha mashine iko hai.

"Unamwamsha nani?" mama aliuliza, pini mdomoni.

"Najaribu mashine, mama."

"Jaribu na kuoga."

Siku moja, dakika nane baada ya mguu wake, mstari uliruka wenyewe. Mara tatu. Akatoka nje: barabara tupu, mchomeleaji amelala juu ya benchi, pampu ya maji imezimwa. Kesho yake jibu lilikuja baada ya dakika saba na nusu. Keshokutwa, saba.

Unaelewa? Kilichokuwa kinajibu kilikuwa kinasogea.

Akatuma michoro kwenye ofisi ya serikali ya matetemeko. Barua zake za kazi alizotuma huko hazikuwahi kujibiwa, lakini safari hii mkuu wa kitengo alipiga simu mwenyewe.

"Kijana, data yako nzuri sana. Interesting. Endelea kupiga mguu wiki mbili zaidi, same time, usikose hata siku moja. Kuna nafasi ya ufundi hapa, umenielewa?"

"Ni nini lakini, mkuu?"

"Ndiyo tunataka kujua. Wewe endelea."

Akaendelea. Ungekuwa wewe ungeacha?

Zilipobaki dakika tatu, chumba kilianza kunuka udongo uliofukuliwa sasa hivi. Zilipobaki mbili, pini za mama zilikutwa zimesimama wima kwenye kopo, zote, ncha chini, kama watu waliosikia kitu wakanyamaza. Na maji ya ndoo yakawa yanapiga duara ndogo katikati, polepole, bila upepo, bila lori, bila mtu kupita, na mama akiinua mguu kwenye cherehani duara zinasimama, akiushusha zinaanza tena, mpaka akaacha kushona akakaa amekumbatia magoti yake juu ya kiti. Akamwita mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani. Alivua viatu mlangoni, kisha akakataa kukanyaga sakafu. Akaletewa stuli, akakaa miguu juu.

"Nani anapiga hodi hapa?" alinong'ona.

"Hakuna hodi, mama. Ni calibration, najaribu mashine tu," Digrii akamjibu.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Kila siku."

"Kwenu wasomi iiteni mnavyotaka. Kwa mwenye nyumba ya chini hiyo ni hodi. Amekuitikia karibu, hukuingia. Ameitikia tena, hukuingia. Sasa anapanda kumchukua mgeni wake. Na jini huyo hajui sura, anajua mguu. Humu ndani mguu usionyamaza ni wa nani?"

Wote wawili wakamtazama mama.

"Acha leo hii," mganga akasema. "Asiposikia kitu atarudi kwake."

Mama akamshika Digrii mkono. "Mwanangu, acha."

"Siku mbili tu, mama. Nipate hiyo kazi, upumzishe goti."

Siku ya mwisho alimtoa mama nje kabla ya saa sita, akamketisha kwenye benchi la mchomeleaji, akarudi na kufunga mlango. Akapiga mguu. Jibu halikuchelewa hata nukta: nyayo zake na nyingine zilikutana sakafuni, unyayo kwa unyayo, akaihisi sakafu ikimsukuma kutoka chini.

Mlango ukafunguka. Mama akaingia.

"Nimesahau mkasi," akasema. Akapita, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona.

Digrii alitazama kompyuta. Gurudumu la cherehani linazunguka, sindano inapanda na kushuka, mguu wa mama unakanyaga, unakanyaga, na mstari umelala kama uzi.

"Mama?"

"Naam, mwanangu."

Mama yake, toka azaliwe, hakuwahi kumwitikia naam. Humwambia, "Unataka nini tena?"

Aliyekuwa kwenye kiti akaacha kushona. Akaweka miguu yote miwili chini, akageuka, akatabasamu. Ndipo mstari ukaanza kujichora: mguu unachechemea, unapumzika, unachechemea. Digrii akachungulia nje: benchi la mchomeleaji lilikuwa tupu. Jioni mchoro ulikuwa mdogo zaidi. Kesho yake, mdogo kuliko jana.

Digrii alituma kila kitu ofisini. Jibu lilikuja, mistari miwili: domestic noise, kelele za nyumbani tu, case closed, na nafasi ile imeshajazwa.

Haya, mkuu wa kitengo. Mashine ya kuchorongea miamba mnayo, imepaki nyuma ya ofisi inaota kutu. Ninyi mlimwambia apige. Ninyi mlimwambia asikose hata siku moja. Ileteni hapa, muivunje hiyo sakafu, mshuke wenyewe na suti zenu mkamtoe mama wa watu. Chimbeni leo, wakati mguu wake bado unaonekana kwenye mstari.