Donge Kooni mwa Leonardi

Leonardi aliisukuma sahani ya ugali na maharage, akajishika koo.

"Jeska, umeniwekea nini humu?"

Mkewe alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, mume wangu?"

"Kuna kitu kimenikaba. Nikimeza mate kipo, nikilala kipo. Dada anasema nimelishwa sumu."

"Si tunakula sahani moja?"

Leonardi aliinuka mezani. Asubuhi alifunga nguo zake, akaondoka kwao Makebuko, mkoani Gitega, kwenda kwa dada yake Gaudensia, huko Gasorwe, mkoani Muyinga.

Jeska akabaki na hofu. Kilimani kwao, mwanamke akishaitwa mlozi, hata maji ya mtungi wake hayanywewi tena. Sokoni wateja wake walianza kumpita kama hawamwoni. Kisha simu ikalia. Ujumbe:

"Kaka yangu akifa utatueleza. Kesho mganga anakuja kumtapisha. Gaudensia."

Jeska akampigia mumewe.

"Leonardi, usinywe dawa hiyo! Nakuja."

"Usije. Watakupiga."

"Kumbe bado unaniogopea?"

Sauti ya Leonardi ikatoka kwa shida: "Jeska, naogopa kufa. Baba alikufa kwa ugonjwa wa koo."

"Nisubiri."

Alifika Gasorwe akiwa amejaa vumbi. Gaudensia alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kumpeleka hospitali, wifi. Twende wote. Wakikuta sumu, nipeleke polisi mwenyewe."

Gaudensia alimwita kaka yake, wakaondoka wote watatu kabla mganga hajafika.

Hospitalini Muyinga, daktari Kadidja alimpitishia Leonardi puani mpira mwembamba wenye taa, akaangalia koo kwa muda mrefu. Jeska alikuwa ameukumbatia mkoba wake, akiomba kimoyomoyo. Neno moja la daktari lingeweza kumfanya mjane, au mfungwa.

"Koo iko propre, safi kabisa, papa. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda. Chakula inapita?"

"Kinapita. Lakini donge lipo, daktari. Siongopi!"

"Mi sijasema unaongopa. Donge unalisikia kweli. Lakini sioni alama ya sumu. Mtu akikaa na woga, ao huzuni hajaitoa, misuli ya koo inakaza. Ilianza lini?"

Jeska ndiye aliyejibu.

"Tulipomzika mtoto wetu. Aliishi siku moja tu."

"We ulilia, papa?"

"Ningelia, nani angechimba kaburi?"

Jeska akamgeukia. "Mimi nilidhani hukumpenda! Hujawahi kulitaja jina lake."

"Nikitaka kulitaja, koo linafunga."

"Litaje sasa."

Leonardi alijaribu, ikashindikana. Akajaribu tena.

"Thomas," alisema. Kisha mwanaume yule mzima akaangua kilio, mabega yakimruka, na Jeska akamshika kichwa akakiweka kifuani kwake.

Gaudensia alisogea polepole. "Wifi, nilikuita mlozi. Nisamehe."

"Ulimwambia nani mwingine?"

"Watu wa Makebuko... wachache."

"Wapigie. Hapa hapa, nisikie."

Gaudensia akatoa simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema yote, kwa mmoja baada ya mwingine: Jeska hana kosa, mimi ndiye niliyemzushia.

Donge halikutoka siku ile. Daktari aliwaambia litapungua taratibu, linaweza hata kurudi, na Leonardi arudi kwake waongee tena. Aliogopa bado, kila baada ya muda alimeza mate kusikiliza kama lipo. Lilikuwepo.

Wakiwa kwenye gari la kurudi Gitega, alimwegemea mkewe, akauliza kwa sauti ya chini:

"Jeska, mimi nilikuwa nje. Alilia alipozaliwa?"

"Alilia sana. Wauguzi walicheka, wakasema huyu atakuwa na sauti kubwa."

Leonardi akaushika mkono wake, akaubana.

"Nisimulie yote. Usiruke kitu."

Jeska akapangusa macho, akaanza.