Wimbo wa Kunyanyua Reli

Ko, ko! Kabla jogoo hajawika, mama yake Abigaëlle aligonga jiko lake la mbabula kwenye jiwe ili majivu yaanguke, kisha akatia makaa. Abigaëlle alifumbua macho. Siku nyingine angejigeuza na kulala tena, lakini Ijumaa hiyo hakuweza. Kichwani mwake mlikuwa na wimbo usio na jina.

Wimbo huo aliusikia Jumatano kwa Tata Amadi, mchukuzi wa mizigo. Katika mtaa wao wa Kolwezi ni yeye tu aliyebaki na televisheni nzima. Kila Jumatano aliigeuza ielekee dirishani, na mkewe, Mama Mwamini, alitandika mkeka uani ili watoto wa majirani waufuate mchezo wa kuigiza. Wiki hiyo, katika mchezo, mama mmoja aliagana na mwanawe, na violini ikalia polepole. Watoto walirudi makwao wakiimba wimbo huo midomo imefungwa.

Kumbe Mama Valérie, mwalimu wa kwaya ya shule, naye aliusikia. Alhamisi aliuandika ubaoni kwa do-re-mi.

"Ningependa tuuimbe Jumapili kanisani," alisema. "Lakini mimi siimbishi wimbo nisiojua jina lake wala ulikotoka. Nani anaujua?"

Mkono wa Abigaëlle ulipanda kabla hajafikiri. "Mi naujua, Mama! Ni wimbo wa nyanya yangu wa Manono."

"Vizuri sana. Basi utaongoza wewe. Jumamosi utuletee maneno yake."

"Eh! Nyanya yako wa Manono alikuwa na violini?" aliuliza Stany, na darasa zima likaangua kicheko.

Nyanya hakuwahi kuuimba wimbo huo hata siku moja. Abigaëlle alitaka tu kusimama mbele ya watu. Sasa alikuwa amebakiwa na siku moja, la sivyo kwaya nzima ingejua kwamba ni mwongo.

Ijumaa hiyo, baada ya shule, mama yake alimpa sufuria ya viazi vitamu iliyofungwa kwa kitambaa. "Peleka kituoni kwa akina Kanku. Na usiimwage."

Ulikuwa mwaka 1993. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Katanga. Wengi walizaliwa papo hapo Kolwezi, lakini waliambiwa warudi "kwao". Kanku, rafiki yake Abigaëlle, alikuwa katika wiki ya tatu ya kulala kituoni chini ya turubai pamoja na babu yake, Tata Tshimanga. Walikuwa wanangoja treni.

"We mutoto, unalisha wadudu?" kijana mmoja alimpigia kelele njiani, kwa tusi walilowaitia Wakasai. Abigaëlle aliishika sufuria kwa mikono miwili, akaendelea.

Kanku alipanguza sanduku kwa upindo wa sketi yake ili mgeni akae. Walipokuwa wakigawa viazi, Abigaëlle alianza kuimba ule wimbo midomo imefungwa, bila kujua. Tata Tshimanga aliacha kutafuna.

"Nani amekuharibia wimbo huu?"

"Ni wa televisheni, Tata. Violini ililia hivi."

"Basi violini yao inaumwa! Hauimbwi kwa kulala." Mzee alichukua kijiko, akagonga kifuniko cha sufuria. "Imba tena. Pigo liko hapa... na hapa!"

Abigaëlle aliimba. Kijiko kilipogonga, ule wimbo wa huzuni ulisimama kwa miguu yake na kuanza kutembea.

"Ni wimbo wa kunyanyua reli," alisema Tata Tshimanga. "Njia ya Dilolo, tulikuwa watu kumi na wawili kwa reli moja. Ukikosa pigo, chuma kinakuangukia mguuni. Kwanza, anayeongoza anaita jina la kila mutu, na wote wanajibu 'Eko!', yaani yupo. Kama mumoja hajaitwa, reli hainyanyuliwi." Akaimba kwa sauti ya kukwaruza: "Mbuyu eko? Eko! Tshimanga eko? Eko!"

Jumamosi, mbele ya kwaya, Abigaëlle aliongea akiangalia sakafu. "Nilidanganya, Mama. Wimbo si wa nyanya yangu. Ni wa Tata Tshimanga na wenzake wa reli. Yuko kituoni."

"Wimbo wa batu ba kituoni!" Stany alishtuka. "Batatupiga mawe!"

Mama Valérie aliweka chaki mezani. "Wewe hutaongoza, Abigaëlle," alisema. "Ataongoza mwenye wimbo. Twende tukamwombe."

Jumapili, Tata Tshimanga aliingia kanisani na koti lake lililokunjamana. Minong'ono ilipita viti kwa viti. Abigaëlle alisimama katika safu ya pili. Mzee aligonga fimbo sakafuni, akaita, "Mbuyu eko?"

"Eko!" ilijibu kwaya.

"Tshimanga eko?"

Abigaëlle alijibu kwa nguvu zake zote, na kwaya ikajibu. Hapo mtu mmoja alisimama nyuma kabisa. Alikuwa Tata Kalombo, fundi wa zamani wa reli, Mkatanga wa kaskazini.

"Eko!" alinguruma. "Nilinyanyua naye miaka tisa!"

Akapiga makofi pale penye pigo. Jirani yake akamfuata, kisha kiti kizima, kisha kanisa lote. Jina kwa jina, "Eko!" ilitikisa mabati, na Kanku alikuwa akicheka na kulia pamoja. Hata Stany aliimba mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya ibada, watu walimsindikiza mzee hadi kituoni wakimbebea unga, mablanketi na mkaa. Tata Amadi alileta turubai jipya, akalifunga mwenyewe.

Mama Valérie alimshika Abigaëlle bega. "Uongo wako ungeliiba jina la mzee huyu, na leo tusingeliita. Umesema kweli ulipoogopa, na watu wote wamemjibu. Ukipewa kitu kizuri, mwanangu, mtaje aliyekupa."

"Ndiyo, Mama."

Tata Tshimanga aliketi juu ya sanduku lake, akatazama njia ya reli, kisha akamgeukia Abigaëlle.

"Treni haijatangazwa bado," alisema. "Kuna beti zingine sijakufundisha. Kesho mukuje tena mutuone."